Lensi za Rangi ya Asali

Mama mkwe wangu ana video moja anayoipenda kuliko zote, ya harusi ya mwanawe wa mwisho. Mgeni akiingia hapa kwetu Utemini, hata chai haijachemka, utasikia, "Hebu tuwekeeni harusi." Ikishawekwa anataka isogezwe mpaka pale pa keki, isimamishwe, halafu ananyoosha kidole. "Mwoneni mkwe wangu. Analia kama mtoto mdogo. Ana roho huyu." Wageni wanatikisa vichwa. Wanasema, jamani, matroni wa namna hiyo siku hizi wako wapi.

Matroni mwenyewe, yaani msimamizi wa bibi harusi, ni mimi. Na pale silii kwa furaha ya mtu. Pale jicho langu la kushoto linaharibika, na watu wote ukumbini wananipigia makofi.

Nisingeyaandika haya. Ila hivi karibuni mwalimu wa binti yangu, ambaye yuko darasa la kwanza, aliniita akaniambia mtoto haoni ubao. Anainuka kwenye dawati, anasogea, anarudishwa, anasogea tena, na akiandika anaandika vya kwake. Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu. Akajibu huku macho yako kwenye simu.

"Akue kwanza. Mtoto wa kike na miwani wapi na wapi? Akifika sekondari tutamtafutia lensi kama zako."

Kama zangu! Alilisema hilo mtu aliyenishika mkono kunipeleka hospitali nimefunga jicho kwa kitambaa. Nikamwangalia kwa jicho moja zima na moja la ukungu, nikanyamaza, kwa sababu ningefungua mdomo siku hiyo tungeachana. Basi ngoja niziseme hizo lensi zangu.

Mimi nilianza kuvaa miwani nikiwa kidato cha pili, shule ya bweni. Kabla ya hapo nilichapwa sana. Nilichapwa kwa uzembe wa kunakili, nikachapwa kwa kutosalimia walimu niliowaona kama vivuli, nikachapwa kwa kuchungulia daftari la jirani. Siku nilipovaa miwani ya kwanza niligundua mawe ya Singida yana nyufa, na miti ina jani mojamoja. Hakuna aliyeniambia samahani kwa zile fimbo, lakini niliona, na nilipoona nilifaulu. Kwa hiyo miwani kwangu haikuwa pambo, na haikuwa ugonjwa.

Kwa mama mkwe ilikuwa ugonjwa. Siku ya kwanza napelekwa kutambulishwa kwao Kinyangiri, Mkalama, nikapiga goti, nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akanitazama usoni muda mrefu, akamuuliza mwanawe mbele yangu, "Kwao ni vipofu?" Mwanawe akacheka. Wakati ule niliona ni utani. Mtu ukiwa umependa unaona mengi ni utani.

Mume wangu ana duka la vifaa vya simu: kava, chaja, vioo vya kubandika. Si mtu mbaya wa kupiga wala kunywa, na hilo watu hunikumbusha kila nikilalamika, kana kwamba kutopigwa ni zawadi ya kushukuru kila asubuhi. Ila ni mtu anayeishi kwa picha. Akinunua shati anapiga picha. Akila chipsi anapiga picha. Na kwenye picha zake zote nilizomo, utaniona sina miwani, nimekodoa macho kama bundi, kwa sababu kabla ya kubonyeza lazima aseme, "Vua hiyo kitu kidogo."

Mdogo wake alipotaka kuoa akatuomba tuwe wasimamizi. Ni heshima, sikatai. Kanisani unasimama na maharusi, unaweka sahihi, ukumbini unakaa meza ya mbele, unamfuta bibi harusi jasho na kushika gauni lake. Kikao cha familia kikafanyika sebuleni kwangu. Wakazungumza sare, wakazungumza ng'ombe, wakazungumza ukumbi. Mwishoni mama mkwe akakohoa.

"Na huyu mtamsimamisha na mavioo yake?"

Wifi yangu, dada wa mume, akadakia, "Mama naye! Siku hizi kuna lensi. Unabandika ndani ya jicho, hakuna anayejua. Tena zipo za rangi."

"Za rangi!" Mume wangu akakaa vizuri kwenye kochi.

Mimi nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Waliyazungumza macho yangu kama walivyozungumza ng'ombe: yakae wapi, yaweje, yatafaa au hayatafaa. Hakuna aliyegeuka kuniuliza, "Wewe mwenye macho unasemaje?"

Tukaenda duka la miwani mjini. Mpima macho alikuwa dada wa makamo yangu, mpole, anaongea kama mtu asiyependa kurudia. Akanipima, akasema lensi zipo za aina mbili atakazoweza kuniagizia kwa namba zangu, zitakuja na basi. Za kwanza hazina rangi, nyepesi, unavaa asubuhi, jioni unatupa, kesho unafungua nyingine. Za pili zina rangi, nzito kidogo, unavaa mwezi mzima kwa kuziosha na dawa yake kila unapozivua.

"Kwa macho yako mimi nakushauri hizi za kutupa," akaniambia. "Macho yako yana ukavu. Na kwa upepo wetu huu na vumbi, hizi za rangi zitakusumbua."

Nikafungua mdomo niseme sawa. Mume wangu akaniwahi.

"Samahani dada. Hizo zisizo na rangi, mtu akizivaa zinaonekana?"

"Hazionekani."

"Sasa kitu unanunua halafu hakionekani, umenunua nini?"

Dada akanitazama mimi, si yeye. "Mama, macho ni yako. Unachagua zipi?"

Ndiyo mara moja tu katika mambo yote haya nilipoulizwa. Na kabla sijajibu mkono wa mume wangu ulishatua kwenye picha ya zile za rangi. "Weka hizi za asali. Zitatoka vizuri kwenye video." Halafu akanikumbatia bega, mbele ya yule dada, kwa upendo kabisa. Ningemkana pale ningemwaibisha, na sisi tumefundwa kutomwaibisha mume mbele za watu. Mimi kuaibishwa, hilo halina somo lake.

Zilipofika, yule dada akanifundisha kuvaa. Nilihangaika mpaka jasho likanitoka, jicho linajifunga lenyewe kama mlango wa duka mdai akipita. Akanipa masharti, na kila sharti alinifanya nilirudie. Nawa mikono kwa sabuni, kausha. Usiguse lensi kwa maji ya bomba wala ya kisima, ni dawa yake tu. Usilale nazo, hata usingizi wa mchana. Jicho likiuma au likiwa jekundu, vua hapohapo, vaa miwani, njoo.

"Kwa hiyo miwani usiitupe," akasema. "Popote uendapo na lensi, miwani iwe kwenye begi."

Mume wangu alikuwa amekaa pale pembeni. Alisikia kila neno.

Na niseme ukweli wote, maana hasira isinifanye niseme uongo: nilizipenda. Nilitoka nje nikaona barabara yote kwa mkupuo, bila ukingo wa fremu, bila kugeuza shingo kama kuku. Mvua ya manyunyu ilinipata sokoni nikawa naona! Nilijitazama kwenye kioo cha saluni nikaona uso wangu wote mara moja, kitu ambacho sikuwahi, kwa sababu bila miwani nilikuwa siuoni na nikiwa na miwani ulikuwa umefunikwa. Rangi ya asali ilinichefua, nilifanana na paka wa mtu. Lakini kuona kule kulikuwa kuzuri. Kama wangeniachia nichague mwenyewe, zile za kutupa, nivae siku nitakazo, leo ningekuwa naandika habari nyingine. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya jicho.

Tukaenda Kinyangiri siku moja kabla ya harusi. Kule kwao kuna desturi: vitunguu vya pilau ya harusi vinamenywa na wake walioolewa kwenye ukoo, na mabinti wa ukoo wanakaa pembeni kutoa maneno. Ndiyo furaha yenyewe. Anayelia anataniwa, anayejifanya halii anapigiwa vigelegele vya dhihaka. Mmoja anashika kijiti cha kiberiti kwa meno, mwingine anajifunga khanga puani, lakini mwishowe wote wanatiririka, na wote wanacheka. Mwaka nilioolewa nililia mpaka miwani ikajaa ukungu, wakanibatiza Mama Mvuke.

Safari hii nilikaa na kisu changu, nikamenya. Nikakata. Wenzangu wakaanza kuvuta makamasi. Mimi macho makavu. Mke wa kaka mkubwa, yule tuliyezoeana, akanigeukia macho yamevimba.

"We mwenzetu, mbona hulii?"

"Sijui. Naona ni hizi lensi. Zimeziba jicho, ukali haupiti."

"Hee! Basi na mimi niazime moja."

Tukacheka. Lakini mawifi hawakucheka namna hiyo. Mmoja akasema, "Mtazameni, mkavu kama jiwe la Singida." Mwingine, "Hata tukifa huyu atamenya vitunguu tu." Mama mkwe akasogea, akanichungulia yale macho ya asali, akasema kitu kwa Kinyiramba, lugha ya kwao. Mimi ni Mnyaturu wa Ikungi, Kinyiramba nakisikia nusunusu, lakini hilo nililisikia lote. Alisema mtu asiyelia kwenye vitunguu vya harusi hana roho ya kumsimamia bibi harusi.

Halafu likaja la pili, na hili sidhani kama lingetokea kwingine kokote duniani. Shangazi wa mume, mama mnene mwenye sauti, akapiga makofi: "Si halii? Basi mpeni vyote! Kwa nini wengine wateseke?"

Wakanisogezea gunia. Wenzangu wakainuka mmoja mmoja wakishukuru Mungu, wakanawa, wakaenda kukaa kwenye upepo. Nilipomaliza gunia wakaniletea pilipili, kwa sababu hiyohiyo. Nilizitwanga. Upepo wa Mkalama nao ukawa unapita na vumbi lake jekundu, unanipuliza usoni, macho yananikauka kama ngozi iliyoanikwa, na siwezi kuyagusa kwa vidole vile.

Jua lilipozama nikaomba maji ya moto na sabuni. Nikanawa, nikanawa tena, nikanusa vidole, nikanawa tena. Nikaenda kwenye begi nitoe miwani, nivue lensi nipumzike. Miwani haipo. Nikamwaga nguo zote kitandani. Haipo. Nikamwita mume wangu.

"Miwani yangu iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani."

"Nani kakwambia uiache?"

"Punguza sauti. Nilijua ukiwa nayo utaivaa. Mama yuko radhi kidogo, unataka kuharibu?"

"Nikivua hizi sioni. Unaelewa neno sioni? Hapa kuna majiko ya moto uani, kuna mtoto, choo kiko kule nyuma. Nitatembeaje?"

"Sasa si ukae nazo? Ni kesho tu. Vumilia."

Vumilia. Kama kuna neno ningeliondoa kwenye lugha hii ningeanza na hilo. Binti yangu wakati ule alikuwa na miaka minne, anakimbia katikati ya majiko na masufuria ya watu. Nilitazama uani, nikatazama kile kikopo cha kuhifadhia lensi, nikakifunga. Nikalala nazo.

Asubuhi jicho la kushoto lilikuwa limegandana. Nililifungua kwa vidole. Mwanga uliingia kama mtu kanichoma na sindano ya kushonea magunia. Mpambaji alipokuja kunipaka akasema, "Dada, jicho jekundu hili." Mume wangu akajibu kwa niaba yangu, kama kawaida, kwamba ni uchovu. Wakanipaka poda juu yake.

Kanisani nilisimama. Niliweka sahihi mahali nilipoonyeshwa kidole. Ukumbini nilikaa meza ya mbele nikimfuta bibi harusi jasho kwa mkono mmoja na mimi mwenyewe machozi kwa mwingine. Nikamwinamia mume wangu nikamwambia, "Naivua. Afadhali nishikwe mkono." Akatabasamu, maana kamera ilikuwa usoni petu, akasema kwa meno yaliyofungwa, "Bado keki."

Ilipofika keki nilikuwa siwezi tena kuzuia. Machozi yalichuruzika na poda na wanja mpaka kwenye gauni. Mshereheshaji akaniona. Akasimamisha muziki. "Ndugu zangu, mtazameni matroni wetu! Analia kwa upendo! Mpeni makofi!" Ukumbi mzima ukasimama. Vigelegele. Mpiga picha akanisogezea kamera mpaka puani. Na mama mkwe akanyanyuka kwenye kiti chake, akaja, akanikumbatia mbele ya watu wote, mara ya kwanza tangu niolewe, akasema, "Kumbe una roho, mwanangu. Kumbe una roho."

Lensi niliivua nyuma ya ukumbi, nimeegemea ukuta, na ilitoka na ute.

Hospitali daktari alitumia taa yake muda mrefu. Akasema kuna kidonda kwenye kioo cha jicho.

"Ulilala nazo?"

"Nililala nazo."

"Hukuambiwa usilale nazo?"

"Niliambiwa."

Nilimgojea mume wangu. Alikuwa amesimama palepale, ameshika mkoba wangu. Nilimpa nafasi aseme jambo moja tu: miwani niliiacha nyumbani mimi. Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Wanawake, daktari. Unawaambia, hawasikii."

Kidonda kilipona, kovu likabaki. Kwa jicho lile sasa naona kama mtu anayetazama kupitia karatasi iliyofungiwa maandazi. Hakuna miwani ya kulisafisha wala lensi. Nyumbani tulishakubaliana, yaani wao walishakubaliana, kwamba lilikuwa vumbi. Mungu akipenda litakaa sawa. Na ile video ikawa inawekwa.

Sasa mnaelewa kwa nini niliposikia "lensi kama zako" sikubishana. Kesho yake nilimchukua binti yangu akitoka shule, na sare yake, tukaenda kwa yuleyule dada. Aliponiona hakusema, "Nilikwambia." Akampima mtoto. Namba zilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani, nikajisikia vibaya kwa kila mara niliyomfokea asisogelee televisheni. Kisha akatandaza fremu za watoto kwenye kaunta, akataka kunishauri. Nikamwambia, "Muulize mwenye macho."

Binti yangu alichukua muda. Alijaribu zote, akarudia, akanuna, akajitazama. Mwisho akachagua fremu ya rangi ya chungwa, kubwa, ya kuonekana kutoka Utemini mpaka stendi. Mbaya, jamani. Nikamwambia, "Nzuri."

Siku tulipoichukua tulirudi tukamkuta bibi yake sebuleni na wageni wawili kutoka kwao. Mtoto akapiga goti, shikamoo kwa kila mmoja kama nilivyomfundisha. Alipofika kwa bibi yake akabaki palepale amepiga goti, anamkodolea.

"Bibi, kumbe una ndevu!"

Mgeni mmoja akapaliwa na chai. Mama mkwe akashika kidevu. "Nani kamvalisha mtoto mavioo?"

"Mimi," nikasema. "Na atayavaa."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Akaingia, akachukua rimoti, labda kuokoa hali ya hewa, akaweka harusi. Mama mkwe akachangamka kidogo, kidole kikanyooka. "Sogeza. Pale pa keki. Mwoneni, mwoneni mkwe wangu anavyolia."

Kawaida binti yangu hapo huenda kubandika pua kwenye kioo cha televisheni. Siku hiyo alikaa kwenye kochi, karibu yangu, miguu haifiki chini.

"Mama," akasema, kwa sauti ya darasani, "mbona jicho lako moja ni jekundu na jingine siyo?"

Wageni wakainama kutazama. Lilikuwa pale, kubwa kama sahani, jekundu kama pilipili iliyoiva, limevimba upande mmoja, na jingine jeupe kabisa linatazama kamera. Lilikuwa pale miaka yote hii.

"Kweli bwana," mgeni mmoja akasema. "Jicho hilo lilikuwa na nini?"

Mume wangu akanyanyua rimoti. Nikaichukua mkononi mwake, nikaiweka mapajani mwangu, picha ikiwa imesimama palepale.

"Lilikuwa linaumwa," nikawaambia. "Kaeni, niwaeleze. Chai ipo."